Banjul, Arusha au Maseru: malalamiko yako ya haki za binadamu uyapeleke wapi?

Ukishuka stendi ya Arusha ukamwambia bodaboda akupeleke "mahakama ya kimataifa", ana haki ya kukuuliza: ipi? Mji huo mmoja una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, una Mahakama ya Afrika Mashariki, na una tawi la chombo kilichorithi mabaki ya kazi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hicho cha tatu hakipokei malalamiko ya mwananchi, basi tukiweke kando. Mbili zilizobaki huchanganywa kila siku, redioni, vijiweni, hata kwenye barua za watu waliosoma. Na ukishazitenganisha bado hujafika, maana mlango ambao Mkenya, Mtanzania au Mganda wa leo anaweza kuutumia kuingia katika Mahakama ya Afrika hauko Arusha. Uko Banjul, Gambia, upande wa pili wa bara, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Nimewasaidia watu kuandika malalamiko ya aina hii kwa miaka kadhaa, na kinachoniuma kuliko kesi iliyoshindwa ni kesi iliyopelekwa pasipo pake. Mtu ana haki, ana ushahidi, ana majirani walio tayari kusimama na kusema waliyoyaona, lakini barua imekwenda mahali ambapo haiwezi kusikilizwa, na inaporudi muda umekwisha. Ndiyo maana naviweka vyombo hivi ubavu kwa ubavu, nikimfikiria mtu aliyeshika notisi mkononi na hajui aanzie wapi.

Hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote

Swali la kwanza ninalomuuliza anayekuja ni: jambo hili lilitokea lini? Jibu lake hufungua au hufunga Mahakama ya Afrika Mashariki palepale. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinampa mlalamikaji miezi miwili tu, kuanzia siku sheria ilipotungwa, uamuzi ulipotolewa au kitendo kilipofanyika; na kama hakujua, kuanzia siku alipopata habari. Miezi miwili. Katika maisha ya kijiji huo ni muda wa kukaa kikao cha ukoo, kuchanga nauli, kwenda wilayani, kuambiwa rudi Jumatatu, na kurudi Jumatatu.

Mfano mchungu ni wa Mlima Elgon. Mwaka 2010 shirika la Kenya linalofahamika kama IMLU, la madaktari na wanasheria wanaowasaidia walioteswa, lilifungua shauri likidai kwamba kati ya mwaka 2006 na 2008 wakazi wapatao 3,000 wa eneo hilo waliteswa na kutendewa unyama na vyombo vya dola vilivyokuwa vikiwasaka wanamgambo. Ngazi ya kwanza ya mahakama ilisema kushindwa kwa serikali kuchunguza na kuadhibu ni mnyororo wa matukio, na mnyororo huwezi kuupimia tarehe moja. Serikali ikakata rufaa. Machi 2012 ngazi ya rufaa ikaamua kwamba Mkataba hauna nafasi ya kosa linaloendelea, kwamba miezi miwili ilikuwa imepita zamani, na shauri likaishia hapo. Hakuna jaji aliyesema watu hawakuteswa. Kalenda ndiyo iliyoamua.

Linganisha na Baraza la Habari Tanzania na mashirika mawili yaliyoungana nalo. Sheria ya Huduma za Habari ilianza Novemba 2016. Wao Januari 2017 walikuwa wameshafungua shauri. Machi 2019 mahakama ikatamka kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya kashfa kama kosa la jinai na vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Walikuwa na hoja nzuri, lakini zaidi ya yote waliwahi.

Banjul hakuna idadi ya miezi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kazi Oktoba 1986, unasema malalamiko yaletwe ndani ya muda unaofaa baada ya kumaliza mahakama za nyumbani. Watu husoma maneno hayo wakalala usingizi. Wasilale. Mwaka 2008 Tume ilimkataa jaji wa zamani wa Zimbabwe aliyekuwa amekimbia nchi yake, kwa kuwa alichelewa miezi 22, na ikatazama kipimo cha miezi sita kilichotumika katika mabara mengine. Mahakama ya Afrika, inayosoma maneno yaleyale, imekuwa na moyo mpana zaidi: wafungwa wa Tanzania walipokelewa hata baada ya miaka mitatu na zaidi, kwa sababu majaji walikubali kwamba mtu aliye gerezani, asiye na wakili wala fedha, hawezi kupimwa kwa saa ya mtu aliye huru. Naiheshimu sana mahakama hiyo kwa uamuzi huo.

Nani anaruhusiwa kubisha hodi

Mahakama ya Afrika Mashariki inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama. Neno ni mkazi, si raia, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa watu wanaoishi ng'ambo ya mpaka wa kwao. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, nchi zimefika nane. Mkazi wa Goma au Bukavu sasa ana mlango ambao miaka michache iliyopita hakuwa nao, na wengi wa huko hawajaambiwa.

Mlango wa Banjul ni mpana kuliko huo. Kila nchi ya Umoja wa Afrika imeridhia Mkataba wa Afrika, isipokuwa Morocco. Anayelalamika si lazima awe mwathirika mwenyewe. Ndugu, jirani, kiongozi wa kijiji au shirika anaweza kuandika kwa niaba yake. Hakuna ada, na wakili si sharti. Unaweza kuomba jina lako lisitangazwe, mradi Tume yenyewe ikujue.

Mahakama ya Afrika ndiyo yenye kufuli. Itifaki iliyoiunda, iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998, inasema mtu binafsi au shirika haliwezi kuishtaki nchi moja kwa moja mpaka nchi hiyo iwe imetoa tamko maalumu la kukubali. Rwanda ilitoa tamko lake mwaka 2013, kisha ikalifuta mwaka 2016 wakati shauri la mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire likiwa mezani. Mahakama ikasema sawa, nchi inaweza kujitoa, ila baada ya kutoa taarifa ya mwaka mmoja, na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa hayaguswi. Tanzania iliyotoa tamko mwaka 2010 ikajiondoa Novemba 2019. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020, na Tunisia ikatangaza kujiondoa mwaka 2025. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo ziliridhia itifaki bila kuwahi kutoa tamko. Ukitazama nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna hata moja ambayo mwananchi wake anaweza leo kuingia moja kwa moja.

Kwa Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, jambo hili nalisema kwa uchungu. Hakuna nchi iliyokuwa na mashauri mengi mbele yake kuliko hiyo, na mengi yalitoka kwa wafungwa walioandika wenyewe kutoka gerezani. Ni katika mahakama hiyo, Juni 2013, Mchungaji Christopher Mtikila alishinda hoja yake kwamba Mtanzania asilazimishwe kuwa mwanachama wa chama cha siasa ndipo agombee uongozi. Na wiki moja tu baada ya Tanzania kuwasilisha taarifa ya kujiondoa, mahakama ilitoa hukumu kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa, inakiuka haki ya kuishi. Yeyote aliyefungua shauri kabla mwaka wa taarifa haujaisha, Novemba 2020, bado ana haki ya kusikilizwa. Aliyechelewa itabidi apitie kwingine.

Mahakama za nyumbani: hapa ndipo mtego ulipo

Banjul watakuuliza: nyumbani ulifika wapi? Lazima uwe umemaliza njia za ndani, yaani umekwenda mpaka mahakama ya juu inayoweza kukupa nafuu, isipokuwa uonyeshe kwamba njia hizo hazipo, hazifanyi kazi, au zinacheleweshwa kupita kiasi. Kusema tu "mahakama zetu haziaminiki" hakutoshi. Leta nambari ya kesi, tarehe ulizoahirishiwa, barua ulizoandika na hazikujibiwa.

Mahakama ya Afrika Mashariki haina sharti hilo. Mwaka 2010 ofisa mmoja wa jeshi la Rwanda alishikiliwa kwa miezi bila kufikishwa mahakamani. Dada yake hakusubiri mahakama za Kigali. Alikwenda Arusha, na Desemba 2011 akashinda. Kwa mtu ambaye ndugu yake hajulikani alipo, hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote ninazozitaja hapa.

Lakini mahakama hiyo nayo ina mpaka wake. Mkataba wa Jumuiya unasema mamlaka yake juu ya haki za binadamu yataongezwa baadaye kwa itifaki, na itifaki hiyo haijawahi kuja. Kilichookoa hali ni shauri la Katabazi. Novemba 2005 Mahakama Kuu mjini Kampala iliwapa dhamana watu 14 walioshtakiwa kwa uhaini, na watu wenye silaha wa vyombo vya usalama wakaizingira mahakama ili wasitoke. Uganda ilipodai kwamba Arusha haina mamlaka, majaji walijibu mwaka 2007 kwamba hawataacha kazi yao ya kuutafsiri Mkataba kwa sababu tu ndani ya malalamiko mna haki za binadamu. Tangu hapo ndivyo malalamiko yanavyoandikwa: huandiki "haki yangu ya kutoteswa imevunjwa" ukaishia hapo, unaandika kwamba serikali imekiuka ahadi yake, katika vifungu vya 6 na 7 vya Mkataba wa Jumuiya, ya kuheshimu utawala wa sheria na haki zilizomo katika Mkataba wa Afrika. Ni jambo lilelile, ila asiyejua kulivika vazi hilo hurudishwa mlangoni.

Sasa uone mtego. Ukisubiri mahakama za nyumbani zimalize, kama Banjul inavyotaka, miezi miwili ya Arusha imeshapita. Ukikimbilia Arusha kwanza na jambo likaamuliwa huko, unaweza kuikuta Banjul imefungwa, kwa sababu kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika kinakataza kupokea jambo ambalo limekwisha kuamuliwa kwa misingi ileile. Si nadharia. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ilikataa shauri dhidi ya Côte d'Ivoire kwa kuwa mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, ilikuwa imeshaliamua. Vyombo hivi vinasomana hukumu na kuheshimiana. Mlalamikaji anayedhani ataonja kila chungu mpaka apate kinachomfaa hulipa gharama ya heshima hiyo.

Waogiek, au jinsi Banjul inavyomfikisha mtu Arusha

Oktoba 2009 Waogiek wa msitu wa Mau walipewa notisi ya siku 30 waondoke. Ni watu wa msituni, wafugaji wa nyuki, na msitu ule ndio makazi yao na mahali pao pa ibada tangu enzi za mababu. Kenya haikuwa na tamko, kwa hiyo Mahakama ya Afrika ilikuwa imefungwa kwao. Novemba wakaandika Banjul, na kabla mwezi haujaisha Tume ikaitumia Kenya amri ya dharura: simamisheni kwanza. Amri haikuheshimiwa ipasavyo. Tume ingeweza kuendelea kuandika barua. Badala yake, Julai 2012, ilichukua jalada lote ikalipeleka Mahakama ya Afrika, safari hii Tume yenyewe ikiwa mlalamikaji dhidi ya Kenya.

Hili ndilo wengi hawalijui. Nchi ikiwa imeridhia itifaki, Tume inaweza kuishtaki hata kama haina tamko lolote. Mwananchi anazuiwa, Tume haizuiwi. Machi 2013 mahakama ikatoa amri ya muda. Tarehe 26 Mei 2017 ikatoa hukumu: Kenya imekiuka haki za Waogiek za kutobaguliwa, za dini, za utamaduni, za mali, za kunufaika na maliasili yao na za maendeleo. Hoja kwamba waliondolewa ili kuulinda msitu haikukubaliwa, kwa sababu serikali haikuonyesha kwamba wao ndio walioumaliza. Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila waliyopata, pamoja na kurudishiwa ardhi ya mababu kwa hatimiliki ya pamoja.

Lakini tazama tarehe. Kutoka notisi hadi fidia ni karibu miaka 13. Na Novemba 2023, hukumu zote mbili zikiwa zimeshatoka, familia za Waogiek ziliondolewa tena kwa nguvu huko Sasimwani, Narok. Ninayasema haya ili anayeshika njia hii ajue urefu wake kabla hajaahidi wazee wa kijiji kitu.

Ijulikane pia kwamba kupelekwa mahakamani si haki ya mlalamikaji. Tume ndiyo inayoamua, na imefanya hivyo mara chache mno. Mbali na Waogiek, kuna mashauri mawili ya Libya: la mwaka 2011, wakati wa ghasia za Benghazi, ambapo mahakama ilitoa amri ndani ya wiki chache, na la Saif al-Islam Gaddafi lililoamuliwa mwaka 2016. Ushirikiano kati ya Tume na Mahakama umeandikwa vizuri, kwenye itifaki na kwenye kanuni za pande zote mbili. Mahakama inaweza hata kuirudishia Tume shauri ambalo haliwezi kulipokea, na imewahi kufanya hivyo. Ila kwa maoni yangu daraja hilo linapitiwa na watu wachache kuliko lilivyojengwa kubeba, na hasa sasa, tangu nchi zianze kufuta matamko, Tume ilipaswa kulitumia mara nyingi zaidi. Ukiandika Banjul, omba wazi katika malalamiko yako kwamba jambo lipelekwe mahakamani, na ueleze kwa nini. Usipoomba, usitarajie mtu akukumbukie.

Mwisho wa safari unapata nini

Tume inatoa mapendekezo. Yana uzito wa Mkataba nyuma yake, lakini hayana nguvu ya hukumu, na hubaki siri mpaka ripoti yake ipite kwa wakuu wa nchi. Waendorois, walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970, walipata uamuzi mzuri sana wa Tume mwaka 2009, ambao hadi leo hunukuliwa kila ardhi ya jamii za asili inapozungumzwa. Kenya iliunda kikosi kazi mwaka 2014. Ardhi haijarudi kama uamuzi ulivyotaka.

Mahakama ya Afrika hutoa hukumu inayofunga nchi, na inaweza kuagiza fidia, kubadilishwa kwa sheria, kusikilizwa upya kwa kesi.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo hutoa hukumu inayofunga, yenye ngazi ya rufaa juu yake, na kila kitu kinasemwa hadharani. Mara nyingi inachotoa ni tamko kwamba sheria au kitendo fulani kinakiuka Mkataba. Fidia ya fedha ni nadra zaidi. Usilidharau tamko hilo. Mei 2015 mahakama ilitamka kwamba vifungu vya sheria ya habari ya Burundi vinakiuka Mkataba, na hukumu ikatoka wiki ileile ambayo vituo vya redio vya Bujumbura vilishambuliwa na kunyamazishwa wakati wa jaribio la mapinduzi. Waandishi waliokimbia walikuwa na karatasi moja mkononi inayosema wao hawakuwa wahalifu. Tanzania nako, Bunge lilirekebisha sehemu ya Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2023, miaka minne baada ya hukumu.

Kwa zuio la haraka, mtu akitaka kubomolewa kusimame, nguvu za vyombo hivi vitatu zinatofautiana kidogo kuliko watu wanavyodhani. Vyote vinaweza kutoa amri ya muda. Vijiji vinne vya Loliondo vilifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki Septemba 2017, maboma yakiwa yamechomwa mwezi mmoja nyuma, na amri ya muda ilikuja Septemba 2018, mwaka mzima baadaye. Majaji wengi wa mahakama hiyo hawakai Arusha. Hukutana kwa vikao, na fedha za vikao zikichelewa, kesi nazo huchelewa. Mwaka 2022 vijiji vilishindwa kwa sababu mahakama iliona havikuthibitisha kwamba watu waliondolewa ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Novemba 2023 ngazi ya rufaa ikatengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Somo la Loliondo kwangu ni ramani. Kama ugomvi ni wa ardhi, tafuta mpimaji anayekubalika kisheria, apime mapema, na alama za mipaka zionyeshwe pale nyumba zilipochomwa. Machozi ya mashahidi hamsini hayazibi pengo la ramani moja.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na Mahakama ya Afrika inakitambua. Mahakama ya Afrika Mashariki imekuwa ikiendesha mashauri yake kwa Kiingereza kama Mkataba ulivyoagiza, hivyo hati zako zitahitaji kutafsiriwa. Mahakama ya Jumuiya ya watu wanaozungumza Kiswahili ingestahili kumsikiliza bibi wa Loliondo au wa Mlima Elgon bila mkalimani wa Kiingereza kati yao.

Kama mwenye shida ni mtoto

Basi kuna chombo cha nne: Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, yenye makao Maseru, Lesotho. Nayo pia inataka njia za ndani zimalizwe, lakini imeonyesha kwamba mtoto hawezi kusubiri mpaka azeeke. Watoto wa Wanubi wa Kenya walikuwa wakinyimwa vyeti na uraia, na kesi ya nyumbani ilikaa miaka bila kusikilizwa. Kamati ikasema muda huo umezidi, ikalipokea shauri, na Machi 2011 ikaamua dhidi ya Kenya. Miaka minne baadaye Tume ya Banjul ikaamua shauri la jamii nzima ya Wanubi kwa mwelekeo uleule. Hapo vyombo viwili vilibebeana mzigo: kimoja kwa watoto, kingine kwa wazazi wao. Mwaka 2022 Kamati iliamua pia kwamba kuwapima ujauzito wasichana wa shule Tanzania na kuwafukuza waliopata mimba kulikiuka haki zao.

Ningeenda wapi mimi

Kama jambo halijafikisha miezi miwili na linahusu sheria mpya, gazeti lililofungwa, mtu aliyeshikiliwa bila kufikishwa mahakamani au amri ya mahakama iliyopuuzwa, ningeenda Mahakama ya Afrika Mashariki bila kusita, na ningeanza kuandika leo usiku. Hukumu ya hadharani, bila kusubiri mahakama za nyumbani, ni kitu ambacho Banjul haiwezi kukupa.

Kama ni ardhi ya jamii, utamaduni, au ubaguzi uliodumu miaka mingi, miezi miwili haitakusaidia. Ningefungua kesi nyumbani nikijua tangu siku ya kwanza kwamba naijenga kwa ajili ya Banjul: kila hoja ya Mkataba wa Afrika ningeitaja mbele ya hakimu wa nyumbani, ili baadaye isisemwe sikumpa nafasi. Kisha Tume, na ombi la wazi la kupelekwa Mahakama ya Afrika.

Kama ni mfungwa aliyehukumiwa bila haki, nchi yake imefuta tamko, na rufaa zimekwisha, njia ni ileile ya Banjul, ila uandike mapema. Na kama mwenye shida ni msichana wa miaka kumi na mitano, Maseru.

Jambo moja la uandishi, kwa sababu limewaangusha wengi. Mkataba wa Afrika unakataa malalamiko yaliyoandikwa kwa matusi, na unakataa yaliyotegemea habari za magazeti peke yake. Miaka ya 1990 shirika moja la Cameroon lilikuwa na madai mazito ya mateso na mauaji, lakini Tume ilikataa kuyapokea kwa sababu ya maneno makali dhidi ya rais na serikali yake. Hasira yako ni ya haki. Iache nyumbani, ulete tarehe. Na notisi ikifika leo, kabla hujamwita mtu yeyote, igeuze na uandike nyuma yake siku na saa uliyoipokea, na nani aliyeileta, na nani alikuwepo.